Mikono Niliyoiita Yangu

Kwa miezi minne nilisifiwa kwa kazi ya mikono isiyo yangu. Sifa zile nilizipokea. Siwezi kusema sikuona aibu, niliiona, ila niliiweka pembeni kama sufuria iliyoungua, nikijiambia nitaisugua kesho. Mikono yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wangu. Naandika haya sasa kwa sababu nimeutua mzigo, na mtu aliyetua mzigo huwa na maneno mengi.

Kazi ilianza hivi. Dada mmoja mwenye duka la steshenari hapa Sumbawanga mjini alitafuta wanawake wa kujipiga video wakifanya kazi za nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Unajifunga simu kwenye paji la uso kwa mkanda wa mpira, kamera ikitazama chini, kisha unaosha vyombo, unakunja nguo, unachambua maharage, unafagia. Video zinatumwa kwa kampuni ya mbali inayotengeneza maroboti ya nyumbani, ili mashine iangalie mikono ya mtu na kujifunza. Masharti yalikuwa mafupi: mikono ionekane muda wote, uso usionekane, usizungumze. Na kila aliyeandikishwa atume mikono yake mwenyewe. Hilo la mwisho nililisoma vizuri kabisa, nisije nikasingizia kwamba nilipitiwa.

Siku ya kwanza nilijiona kituko. Nilimtumia picha mume wangu, ambaye kazi yake iko Mpanda na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Akanijibu kwamba nikipata dhahabu huko jikoni nisimsahau. Lakini kazi haikuwa ngumu. Vyombo ningeviosha tu hata bila simu kichwani, na sasa angalau kulikuwa na mtu wa kuniambia nimeviosha vizuri.

Nyumbani nilikuwa naishi na wanangu watatu na mama mkwe, huo ukiwa mwaka wake wa pili kwangu. Alitoka Mwimbi, alikolima mahindi na ulezi maisha yake yote mpaka goti lilipoanza kumgomea. Kwanza alikwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa, kaka wa mume wangu. Kule alipika, akafua, akalea wajukuu, na siku moja walipofika wageni akasikia akitambulishwa kuwa ni "mama mmoja anayetusaidia". Hakugomba wala hakununa. Asubuhi alifunga mzigo wake, akaaga kila mtu kwa adabu zote, akarudi Mwimbi na goti lake bovu. Ilinichukua mwaka mzima kumbembeleza aje kwangu. Alipokubali alinipa sharti moja tu.

"Kazi nitakusaidia, kwa kuwa mimi ni mama yako," alisema. "Siku nikiwa kitu kingine humu ndani, utanikuta stendi."

Nilijua hatanii. Nilijua pia kwamba akiondoka kwangu hatakwenda kwa mtu mwingine tena, atakwenda kuzeekea peke yake kwenye nyumba ambayo hata maji anayafuata mbali. Na mimi nampenda. Si kwa sababu ni mama wa mume wangu. Nampenda kwa sababu ananichekesha, na kwa sababu mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado sijamaliza kumuuliza mambo.

Shida ilikuja na nafaka. Kampuni ilianza kutaka video za kupeta na kuchambua, na mimi, niseme ukweli, kupeta sijui. Nimezaliwa mjini, baba yangu alikuwa karani, unga kwetu ulinunuliwa dukani ukiwa tayari unga. Nikishika ungo, nafaka inaruka kwenda kwa majirani na makapi yanabaki. Video tatu mfululizo zilirudishwa na neno moja: "zinamwagika." Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akiniangalia, mkono mdomoni, akijizuia kucheka. Ndipo likanijia wazo.

"Mama, hebu nikuvalishe hii," nikamwambia. "Kuna watu watatazama mikono yako ikifanya kazi. Usiseme kitu, fanya tu."

"Watu gani?"

"Wa kazini kwangu."

"Haya."

Basi. Nilichomwambia kilikuwa kweli, ila nilikuwa nimekikata kichwa na mkia. Nikamfungia mkanda juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikampa ungo wa ulezi.

Ulezi ni punje ndogo, hauna huruma na mtu mwenye haraka. Mama hakuwa na haraka. Aliurusha ungo kidogo tu, kiwiko kikiwa kimetulia na kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi, na makapi yakatoka mbele yenyewe kana kwamba yameitwa. Kisha akauzungusha ungo taratibu, mchanga ukajikusanya upande mmoja, akauondoa kwa ncha ya kidole. Alipomaliza akamimina ulezi kwenye beseni, akaweka ungo chini, akapigisha viganja vyake mara mbili. Nikazima simu. Niliituma video ile kwa jina langu.

Siku ya pili msimamizi akaiweka kwenye kundi letu la simu, wanawake wote waione. "Tazameni mikono ya dada huyu," aliandika. "Kampuni wamefurahi sana." Maua yakamiminika, na makopakopa, na pongezi. Nami nikajibu: "Asanteni wapendwa, ni mazoezi tu." Mpaka leo nikikumbuka hayo maneno matatu ya mwisho napata joto usoni.

Baada ya hapo sikuacha. Maharage alichambua mama, unga akachekecha mama, vitenge akakunja mama kwa namna yake ya kupiga pasi kwa kiganja. Malipo yalikuja kwenye simu yangu. Nikamnunulia kitenge doti mbili nikasema ni zawadi. Alizipokea kwa mikono miwili, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akanipigia makofi ya shukrani. Nilitoka nje nikajidai naanua nguo, na zilikuwa bado zimelowa. Mtu alikuwa ananishukuru kwa ujira wake mwenyewe.

Ilikuwa kipupwe, Juni ile ambayo upepo wa Ufipa unakufuata hadi ndani ya sweta, msimamizi alipotutumia video kutoka kwenye kampuni. Ilikuwa ni tangazo la roboti lenyewe. Jiko jeupe, kubwa, lisilo na moshi wala masizi, na katikati yake limesimama dude la kijivu lenye mikono miwili na vidole kabisa. Maandishi ya Kiswahili yaliyowekwa chini yalisema linafanya kazi zote za nyumbani lenyewe. Lenyewe! Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nilikuwa nawajua wanawake kumi na wawili katika mji huu mmoja ambao wamelioshea vyombo, wamelifulia na kulipikia hilo lenyewe. Na msimamizi alishatudokeza kwamba hata likishafika kwenye nyumba ya mtu, mara nyingine likikwama kuna binadamu mahali fulani analiongoza kwa mbali, na mwenye nyumba hana habari.

Nikaendelea kutazama. Dude likachukua sinia la dengu, likalizungusha taratibu, likatoa uchafu kwa ncha ya kidole. Likamimina dengu kwenye bakuli. Likaweka sinia chini. Kisha likapigisha viganja vyake mara mbili.

Hapo nikaacha kucheka. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Katika video za mama nilikuwa nimeiona ile mara zote, na mara zote nilidhani anakung'uta unga. Bila shaka hata kampuni walidhani hivyo, ndiyo maana hawakuikata. Lakini mikono ya lile dude haikuwa na unga, ilikuwa safi kama imetoka dukani. Viganja vilikuwa vimebonyea katikati kidogo, vidole vimelala juu ya vidole, na kichwa kilikuwa kimeinama. Mfipa yeyote aliyelelewa vizuri angejua kinachofanyika. Mimi niliyelelewa mjini ilibidi nionyeshwe na chuma. Ilikuwa ni salamu. Kila alipomaliza kazi, mama alikuwa anawaaga wale watu niliomwambia wanamtazama.

Nilifungua video zote za zamani zilizokuwa kwenye simu. Hakuna hata moja aliyosahau kuaga.

Nilikuwa bado nimekaa na hilo moyoni ujumbe mwingine ulipoingia, siku hiyo hiyo. Mgeni wa kampuni anakuja Sumbawanga Alhamisi. Anataka kufika kwangu, kuiona ile mikono maarufu ikipeta ana kwa ana. Ilikuwa Jumatatu.

Sasa tazameni akili ya mtu mzima mwenye watoto watatu. Badala ya kusema ukweli, nilichukua ungo nikaenda nyuma ya nyumba kujifunza kupeta kwa siku tatu kazi ambayo mwenzangu aliijua kwa miaka sitini. Ulezi uliruka. Kuku wa jirani wakaja mbio, wakaitana, wakawa wananisubiri kila nirushapo. Nikawafukuza kwa mguu huku nimeshika ungo, nikamwaga na uliobaki.

"Unafundisha nani, mwanangu, kuku?" Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameegemea ukuta, machozi ya kicheko yakimtoka.

Nami nikaanza kulia, lakini yangu hayakuwa ya kicheko. Nikamwambia yote pale pale, kuku wakiokota miguuni. Kampuni, roboti, sharti la mikono ya mtu mwenyewe, sifa, malipo, vitenge. Sikuruka kitu, kwa sababu nilijua nikiruka kimoja nitashindwa kurudi kukisema.

Alinyanyua ungo, akaketi kwenye tofali, akakusanya ulezi uliobaki na kuupeta mpaka ukawa safi. Nilisimama namsubiri. Mwisho akasema, "Hicho chuma nionyeshe."

Nilimshikia simu. Aliangalia mara ya kwanza mpaka mwisho. Mara ya pili akanisogeza nisimzibie mwanga.

"Anaaga," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ameiga kwangu."

"Ndiyo. Wao wanadhani ulikuwa unakung'uta unga. Hata mimi nilidhani hivyo."

"Wewe ulinikataza kusema. Hukunikataza kusalimia." Akaangalia tena. Nyuma ya lile dude alipita mtu ameshika kikombe, hata hakugeuka. "Na huyu ndiye mwenye nyumba? Mbona haitikii?"

"Hajui kama amesalimiwa, mama."

"Basi chuma kina adabu kuliko yeye." Alinirudishia simu, na uso wake ukabadilika. "Sasa niambie wewe. Huko kazini kwako mimi ni nani?"

Nilitafuta maneno laini. Sikuyapata. "Huko hupo, mama," nikasema. "Nipo mimi."

"Kwa shemeji yako nilikuwa mama anayewasaidia. Kwako hata huyo sikuwa." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila ukali wowote, na ndiyo iliyoniumiza. "Hao wa mbali hawakunikosea, hawanijui. Wewe unanijua."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Nikasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Niliwaza mabasi ya Mwimbi yanaondoka saa ngapi, na nitamwambia nini mume wangu, na nani atamsugua goti lile kwa mafuta jioni. Niliogopa kweli, kama sijawahi kuogopa tangu msiba wa mama yangu. Sikuthubutu kubisha hodi, kwa sababu haki ya kumzuia sikuwa nayo.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa amevaa sweta lake zito la sandukuni. Mkononi hakuwa na mzigo.

"Baridi hii haina mchezo," akasema. "Huyo mgeni wa Alhamisi anakuja saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Basi kesho peleka ulezi mashineni ukasagwe. Mgeni hapewi chai kavu, atakunywa uji." Akaketi kwenye kigoda chake. "Ila umwambie ukweli kabla hajafika. Sitakaa hapa nikisubiri kusikia nitatambulishwa nani."

Nilimpigia msimamizi mbele yake. Mwanzoni alipandwa na hasira, akasema nimemponza, kisha akashusha pumzi akasema atamweleza mgeni mwenyewe, liwalo na liwe. Nilipokata simu nilijiona mwepesi, nikapika ugali na maharage, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikala nikashiba. Mama aliniona naongeza tonge akasema ama kweli kuungama kunaleta njaa.

Alhamisi msimamizi alifika na kijana wa kampuni, mpole, amevaa koti jembamba lisilofaa kwa Sumbawanga. Alimwamkia mama shikamoo, akapewa bakuli la uji, akalishika kwa mikono yote miwili ajipashe moto. Kuhusu mimi, hakuzunguka: namba yangu ya usajili ingefungwa kwa miezi miwili kwa kutuma mikono ya mtu mwingine, na video za nafaka zingehamishiwa kwa mwenyewe kama atakubali, pamoja na malipo yake kuanzia hapo. Nilivyofurahi ungedhani amenipandisha cheo.

Kisha akamsomea mama karatasi ya makubaliano, neno kwa neno: video ni za nini, zinakwenda wapi, mashine itafanya nini nazo. Mimi miezi minne sikuwa nimemsomea hata mstari mmoja. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine ikishajua haya yote," akauliza, "hao mabinti wanaofanya kazi kwenye nyumba za watu watakula wapi?"

Kijana alisema hilo ni swali zuri sana. Mama akamwambia hakuuliza ili asifiwe. Kijana akakiri kwamba jibu hana. Mama akaitikia kwa kichwa, nadhani alipenda kwamba hakudanganywa. Akasema atakubali nafaka peke yake. Kuogesha mgonjwa na kubembeleza mtoto wasije wakamwomba, hayo si ya kufundisha chuma. Na kile cha viganja mwishoni wakiandike kilivyo, ni salamu. Kijana alifungua daftari lake akaonyesha palipoandikwa "kukung'uta mikono", akapafuta, akaandika "salamu". Alisema hawezi kuahidi wakubwa wake watafanya nini na neno hilo. Mama akasema yeye kazi yake ni kusalimia, kuitikia ni kazi ya wengine.

Kikabaki kitu kimoja. Fomu ilitaka jina kamili la mfanyakazi, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

"Jina la mama?" kijana akaniuliza.

Nikakwama. Kwetu mkwe hatajwi jina. Nimeolewa miaka kumi na tisa na sijawahi kulitamka jina lake, namwita mama, na watu namwambia ni bibi wa wanangu. Nalijua kwa sababu nimeliona kwenye kadi yake ya hospitali, lakini mdomo wangu haulijui. Msimamizi alielewa akaanza kutabasamu. Kijana wa watu akadhani nimelisahau.

"Andika tu," mama akaniambia. "Kuandika si kutamka."

Nikaandika herufi moja moja, polepole, jina lake, la baba yake na la babu yake, pale ambapo kwa miezi minne palikuwa na langu. Nikamgeuzia karatasi. Aliyafuata yote matatu kwa kidole, akarudia la kwanza, akatia sahihi yake.

Hapa sitaliandika, kwa kuwa bado ni mkwe wangu. Lakini kule lipo.